Ng'ombe anaonekana mzima, masharti ya nini? Maswali na majibu kuhusu kichaa cha ng'ombe na masharti ya kukidhibiti: ya kulisha, kuuza na kuchinja

Kichaa cha ng'ombe ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na prioni, yaani protini iliyopotoka umbo. Ubongo hutobokatoboka kama sifongo. Ng'ombe huyumba, hushtuka ovyo, huanguka, hufa. Hauna tiba wala chanjo. Usiuchanganye na kichaa cha mbwa: huu hauji kwa kung'atwa, huja kwa kula.

Kula nini?
Unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine. Uingereza ndiko ulikotambuliwa, mwaka 1986, na huko ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua. Mwaka 1996 serikali yao ikakiri kwamba huenda unawapata na watu. Watu 178 wameugua humo humo Uingereza.

Ng'ombe wangu anakula vizuri, ananenepa. Kwa nini nizuiwe kumuuza?
Sisi tunaokagua mifugo tumelisikia hili mpaka basi. Kuonekana mzima si kuwa mzima. Ugonjwa hukaa kimya kwa kawaida miaka 4 hadi 5. Hakuna kipimo cha kutegemewa cha ng'ombe aliye hai. Kinachopimwa ni ubongo, naye ameshakufa. Ujerumani ilijihesabu salama hadi Novemba 2000, ng'ombe wake mwenyewe alipokutwa nao.

Lakini tuliambiwa masharti ni ya muda. Mbona yaliongezwa?
Umoja wa Ulaya ulizuia karibu protini zote za wanyama katika chakula cha mifugo kuanzia Januari 2001, kwa miezi 6. Hebu piga hesabu: miezi 6, kwa ugonjwa unaojificha miaka 5! Ndiyo maana zuio hilo likaendelea, na masharti ya mpito ya kudhibiti ugonjwa yakasogezwa hadi Julai 2005, kisha Julai 2007.

Na mwaka ukipita bila mgonjwa hata mmoja?
Bado. Narudia: kuonekana mzima si kuwa mzima. Anayetaka masharti yafutwe kwa sababu wagonjwa wamepungua ni sawa na mgonjwa wa kifua kikuu anayetupa dawa kikohozi kikitulia.

Nyama ikipikwa sana?
Hapana. Prioni haifi kwa kuchemshwa, kuchomwa wala kugandishwa. Kwa hiyo katika Umoja wa Ulaya ubongo, macho na neva za uti wa mgongo za ng'ombe wa zaidi ya miezi 12 huondolewa machinjioni, haziendi sokoni.

Ameanza kuyumba. Nimuuze kabla hajaanguka?
Usimuuze! Usimchinje, usimpeleke mnadani, usingoje "tuone kesho". Tafadhali sana, mwite daktari wa mifugo leo hii. Huenda amepungukiwa na madini tu, lakini wa kusema hivyo ni daktari, si mnunuzi. Akija akute ng'ombe yupo, hereni iko sikioni, na una kumbukumbu za alikozaliwa na alicholishwa.