Kiwango cha 3 cha hatari ya maporomoko ya theluji sio "katikati"

Kila theluji ikianza kukaa milimani nasikia hii, mtu anayekwenda milimani kafungua taarifa ya hatari ya maporomoko asubuhi, kaona 3, anawageukia wenzake ati "leo tatu tu kati ya tano, iko katikati, twende zetu". Jamani.

Kwa haraka: kiwango cha hatari ni namba ya 1 hadi 5 ambayo watabiri wanaipa eneo zima la milima, sio mteremko ule unaoutaka wewe, na ndani yake kuna mambo matatu, theluji imeshikana vipi, sehemu dhaifu ziko nyingi kiasi gani, na poromoko likianza litakuwa la ukubwa gani. Ulaya walikubaliana ngazi hizi tano mwaka 1993, zamani kila nchi ilikuwa na zake. Marekani na Kanada nao wana tano.

Sasa tatizo liko hapa. Watu wanaisoma kama maksi za mtihani, 3 kwa 5 basi ni nusu na kidogo. Kwanza hata majina yanakataa, maana 1 ni hatari ndogo, 2 ndiyo ya wastani, 3 inaitwa kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa mno. Yaani wastani ulishaupita ukiwa kwenye 2! Pili ngazi hazipandi sawasawa, kutoka 2 kwenda 3 hatari haiongezeki kidogo tu, inaruka, na kutoka 3 kwenda 4 inaruka tena. Uswisi wanatangaza 3 kwa karibu asilimia 30 ya msimu, ila karibu nusu ya vifo vyote vinatokea siku hizo hizo. Kwenye 4 vifo ni kama asilimia 10, na sio kwamba 4 ina huruma, ni siku chache tu kwa msimu na watu wenyewe wanaogopa, barabara zinafungwa, kila mtu anaona kwamba leo hapana.

Siku ya 3 haikuogopeshi hivyo. Mara nyingi jua linawaka, theluji mpya safi, alama za skii (zile mbao za kutelezea kwenye theluji) za waliotangulia zinaonekana mpaka juu, na hizo alama ndizo zinazodanganya watu kuliko kitu chochote, kwa sababu bamba la theluji, yaani tabaka la juu lililoshikana, lililolala juu ya tabaka dhaifu linaweza kubeba watu watano halafu wa sita akapita pale lilipo jembamba, akaligusa tabaka la chini, likakatika lote. Kwenye 3 mtu mmoja anatosha kulianzisha poromoko, wakati mwingine hata hayuko kwenye mteremko wenyewe, yuko bondeni chini yake. Ukisikia theluji inatoa mguno mzito na kushuka ghafla chini ya miguu, hilo tabaka limeshavunjika, geuka. Na wengi wanaofukiwa wameliangusha wao wenyewe au mmoja wa kundi lao, sio kwamba mlima umewaamulia tu.

Eti "lakini tuna vifaa". Kifaa cha mawimbi kinachotoa ishara ya ulipo, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa na koleo ni lazima, sibishani, ila vinamsaidia mwenzako akutafute ukishafukiwa, havishushi 3 kuwa 2. Na muda ni mfupi, ukipita robo saa chini ya theluji nafasi ya kutoka hai inaporomoka vibaya.

Upande wa pili nao wapo wanaodhani 3 maana yake ni kubaki ndani, nayo sio hivyo. Maporomoko ya mabamba huanzia zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 kwenda juu, kwa hiyo siku ya 3 watu wazoefu wanatembea vizuri tu kwenye ardhi ya chini ya hapo, mradi juu yao pasiwe na mteremko mkali unaoweza kuwashukia, hili la kuangalia juu wengi wanalisahau. Halafu usiishie kwenye namba. Chini yake taarifa inataja mwinuko na upande wa mlima wenye shida, mfano juu ya mita 2200 upande wa kaskazini, na pia aina ya shida, theluji iliyobebwa na upepo au tabaka dhaifu la zamani. Hayo ndiyo ya kuwasomea wenzako asubuhi, hiyo "tatu tu" iacheni.