Jukumu katika programu za kiobjekti: kushiriki msimbo bila kushiriki ukoo

Tuseme programu yako ina klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu ndani ya programu, ya Ankara na klasi ya Ramani. Zote mbili huchapwa kwenye karatasi, na hatua za kuchapa ni zilezile: pima ukurasa, panga pambizo, tuma kwa printa. Hutaki kuandika mistari hiyo mara mbili, maana siku utakayorekebisha kosa kwenye nakala moja utaisahau ya pili.

Njia inayofundishwa kwanza ni urithi. Unatunga klasi mzazi, unaiwekea metodi (kazi ambayo klasi inaweza kuifanya) ya chapa(), halafu Ankara na Ramani zinakuwa watoto wake. Inafanya kazi. Ila sasa umetangaza kwamba ankara na ramani ni ndugu, na udugu huo haupo. Kinachoziunganisha ni printa tu. Kesho yake Ramani inatakiwa ifungwe kwa nenosiri, na klasi mpya ya Barua vilevile, lakini Ankara hapana. Metodi hiyo abebe mzazi yupi? Ukiipandisha kwa mzazi wa wote, Ankara inarithi kitu isichokihitaji. Ukiongeza mzazi wa kati, ukoo unarefuka kwa sababu ambazo mwenyewe utashindwa kuzieleza baada ya miezi sita.

Hapo ndipo jukumu linapoingia. Jukumu ni kifurushi cha metodi chenye jina lake, ambacho kwa kawaida hakizai objekti, yaani kitu halisi kinachotengenezwa kutokana na klasi, kikiwa peke yake. Kinangoja klasi ikichukue. Klasi ikishakichukua, metodi zake zinakaa ndani ya klasi hiyo kana kwamba uliziandika humo kwa mkono. Hakuna ngazi mpya inayoongezeka kwenye ukoo. Ankara inachukua jukumu la kuchapika, Barua la kufungika, Ramani yote mawili, na kila moja inabaki na mzazi wake kama anaye.

Kiswahili kinatusaidia kutofautisha mambo haya mawili. Kama sentensi inayokujia ni "hii ni aina ya waraka", unazungumzia klasi. Kama kinachokujia ni kitenzi chenye -ika au -eka mwishoni, yaani inachapika, inafungika, inalinganishika, inahifadhika, basi karibu kila mara hilo ni jukumu.

Jukumu lina upande wa pili ambao wanafunzi wengi huupita mbio: linaweza kudai. Jukumu la kuchapika linasema, "Nitakupa chapa(), lakini wewe unipe yaliyomo(), maana mimi sijui ndani yako mna nini." Klasi isiyo na yaliyomo() inakataliwa hapohapo inapojaribu kulichukua, wala haingojwi mtumiaji abonyeze kitufe ndipo programu ianguke.

Sasa tuje kwenye kiini. Wazo la kuchanganya vipande vya msimbo si geni. Urithi wenyewe ulianza na lugha ya programu ya Simula 67 kule Norwei, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Lugha ya C++ baadaye iliruhusu klasi moja iwe na wazazi wengi, na lugha ya Ruby inakuruhusu kuingiza moduli kadhaa, yaani vifurushi vya metodi, ndani ya klasi. Swali gumu limekuwa lilelile: vipande viwili vikija na metodi ya jina moja, nani ashinde?

Chukua neno funga. Mtu mmoja anaandika jukumu la Faili, na funga() yake ina maana ya kumaliza kusoma na kuachilia faili. Mwingine anaandika jukumu la Kufuli, na funga() yake inaweka nenosiri. Wote wawili wako sahihi. Lugha ndiyo imewapa neno moja kwa kazi mbili. Klasi ya Waraka inayahitaji majukumu yote mawili. Kwa moduli za Ruby, iliyoingizwa mwisho ndiyo inayoshinda, na hakuna onyo lolote. Programu itaendelea vizuri tu, hadi mtu akute nyaraka zimetiwa nenosiri kila zinapomaliza kusomwa. Na aliyebadilisha mpangilio wa mistari miwili ya kuingiza moduli hatajua kwamba amegusa kitu.

Mwaka 2003, Nathanael Schärli, Stéphane Ducasse, Oscar Nierstrasz na Andrew Black walichapisha makala iliyotoa jibu tofauti: asishinde yeyote. Majina yakigongana, mfumo usimame na umdai mwandishi wa klasi aamue. Wao waliviita vipande hivyo traits, yaani sifa, na walivijaribu kwenye Squeak, ambayo ni aina ya lugha ya Smalltalk. Wazo likasambaa. Kwenye lugha ya Perl lilikuja kwa jina la majukumu kupitia maktaba ya Moose mwaka 2006, na Raku, ile iliyoitwa Perl 6 hadi 2019, ina majukumu ndani ya lugha yenyewe. Lugha ya PHP ililichukua kwenye toleo la 5.4 mwaka 2012 na kubakiza jina la trait. Kwenye PHP uamuzi wa klasi yetu unaandikwa hivi:

class Waraka {
    use Faili, Kufuli {
        Faili::funga insteadof Kufuli;
        Kufuli::funga as tiaKufuli;
    }
}

Mstari wa kwanza wa ndani unasema funga() iwe ya Faili badala ya ile ya Kufuli. Wa pili unaipa ile ya Kufuli jina la ziada, tiaKufuli(), isipotee. Ukiondoa mistari hiyo miwili, PHP inagoma kuiunda klasi na kukutajia metodi zilizogongana. Kwangu mimi mgomo huo ndio faida kubwa ya majukumu, kuliko hata mistari unayookoa.

Kanuni ya kipaumbele nayo ni fupi: metodi iliyoandikwa ndani ya klasi inaishinda ya jukumu, na ya jukumu inaishinda ya mzazi. Lakini kanuni hiyohiyo ina mtego kwenye Moose. Huko klasi huchukua majukumu kwa tamko la with. Ukiyataja majukumu mawili katika tamko moja la with, mgongano unagunduliwa. Ukiyataja katika matamko mawili tofauti, la kwanza linaingia na metodi zake zinahesabika kuwa za klasi. La pili likija linakuta funga() tayari ipo, linadhani mwenye klasi ameiandika kwa makusudi, linanyamaza. Ulinzi wote umetoweka kwa sababu ya nukta-mkato moja. Yataje pamoja.

Lugha hazikubaliani pia kama jukumu ni aina ya kitu. Kwenye Raku unaweza kuiuliza objekti kama inalitekeleza jukumu fulani na ukajibiwa. Kwenye PHP haiwezekani: ukitumia instanceof, neno la kuuliza kama objekti ni ya aina fulani, na jina la trait utapata hapana, hata kama klasi inaitumia. Ndiyo maana waandishi wa PHP huambatanisha trait na interfesi, yaani orodha ya metodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo. Interfesi inatoa ahadi, trait inaitimiza.

Limebaki suala la data. Waandishi wa 2003 waliyanyima majukumu yao vigeu (sehemu za kuhifadhi thamani) kabisa, metodi tu. Lugha zilizofuata zililegeza, na humo kuna jambo ninalowaonya wenzangu kila mara. Kwenye PHP, trait mbili zikitangaza kigeu cha jina moja kwa namna zisizolingana, utapata kosa. Lakini zikitangaza kwa namna ileile kabisa, tuseme private $idadi = 0, hakuna kosa; PHP inavifanya kuwa kigeu kimoja. Jukumu moja linahesabu kurasa zilizochapwa, jingine linahesabu mara nenosiri lilipokosewa, na yote mawili yanaandika kwenye daftari moja bila kujuana. Mtu akichapa kurasa tano, mfumo unaamini amekosea nenosiri mara tano na kumfungia nje. Neno private, linalokizuia kigeu kisiguswe na msimbo wa nje ya klasi, halikuokoi, kwa sababu msimbo ukishaingia ndani ya klasi hakuna tena ukuta kati ya jukumu na jukumu. Jukumu likianza kuhitaji vigeu zaidi ya kimoja au viwili, mimi huligeuza kuwa klasi kamili, na Waraka unashika objekti yake kwenye kigeu kimoja na kuituma kazi.