Kusoma jengo ndani ya jamii yake: maana ya dhana

Kiswahili kina neno moja kwa jambo ambalo wasanifu majengo huhitaji aya nzima kulieleza. Baraza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, chini ya paa lakini nje ya mlango, unapoweka kiti jioni. Baraza pia ni kikao: baraza la wazee, baraza la mawaziri. Mahali pamewapa jina watu wanaokaa hapo na kazi wanayoifanya. Huku Lubumbashi, nchini Kongo, neno limeingia hata kwenye Kifaransa chetu; mtu anasema yuko kwenye "barza" wala hakumbuki kwamba ametamka Kiswahili.

Kusoma jengo ndani ya jamii yake ni kuuliza maswali mawili kwa pamoja. Waliolijenga waliishije, waliogopa nini, nani alimwamuru nani, hata wakajenga hivi na si vile? Na likishasimama, linawafanya watu waishije? Wengi huishia kwenye swali la kwanza. Wanasema jengo "linaonyesha utamaduni", wanafunga daftari. La pili ndilo lenye kazi, kwa sababu wajenzi hufa au huondoka, na nyumba hubaki ikitoa amri zao kwa watu ambao hawakuwajua.

Tuanze na mji wenyewe. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo, ukapimwa kwa barabara zilizonyooka zikikatana kama miraba ya daftari la hesabu. Miaka ya 1920 Waafrika wa mji wakasogezwa upande wa kusini, kwenye mtaa uliokuja kuitwa Cité Albert, ambao leo ni Kamalondo. Kati yao na Wazungu ikaachwa ardhi tupu yenye upana wa mamia ya mita, "zone neutre", yaani eneo lisilo la upande wowote. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu mwenye malaria asiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mbu akawekewa mpaka. Mpishi, dobi na yaya waliendelea kuvuka kila asubuhi.

Hapo jibu la swali la kwanza ni rahisi. Utawala wa Wabelgiji uliotaka utengano ulijenga utengano. Lakini utawala ule uliondoka mwaka 1960, na mji ukapewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Mbona hadi leo mtu wa Katuba au wa Kenya, mitaa ya huku huku Lubumbashi, akiaga nyumbani anasema anakwenda "ville", yaani mjini, kana kwamba pale anapoishi ni shambani? Ofisi, benki na maduka makubwa vilijengwa upande ule wa Wazungu, na jengo halihami kwa sababu sheria imefutwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa juzi, asiyejua lolote kuhusu mbu wa Wabelgiji, analipa nauli ya basi kwa sababu ya mbu yule.

Ukiingia kwenye nyumba za zamani za ville utakuta nyuma kabisa, kwenye kona ya parseli, yaani kiwanja, chumba kidogo: boyeri. Kilijengwa kwa ajili ya "boy", mtu mzima aliyeitwa mtoto, aweze kusikia akiitwa bila yeye kuonekana. Leo wengi wanakipangisha, na mpangaji hupita pembeni ya nyumba kubwa akielekea kwake kwa mwendo ambao mchoro ulimpangia mtumishi.

Kampi za mgodi zina hadithi ngumu zaidi, na mimi ndizo ninazozipenda. Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili hesabu: mfanyakazi mwenye mke na watoto hukaa muda mrefu, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho. Zikajengwa nyumba za familia, za tofali, zikifuatana mstari mmoja, zahanati na shule zikiwa karibu. Mchoro wa nyumba ile unamjua baba anayetoka kwenda zamu, na mama anayebaki. Haumjui bibi aliyekuja kutoka kijijini, wala mjomba, wala mpwa anayesoma. Na nyumba ilikuja na kazi, kwa hiyo aliyetazama kuta zake alikuwa anamtazama mwajiri.

Mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa kampuni ile, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari (hiari ya mtu ambaye mshahara wake umechelewa kwa miezi mingi, lakini tuliache hilo). Pita kwenye kampi sasa. Dirisha la mbele limekuwa tundu la duka. Uani kumeongezwa vyumba viwili vya wapangaji. Palipokuwa na maua pana mahindi. Mama ambaye mchoro ulimweka jikoni ndiye mwenye duka, na friji ya maji baridi imekalia baraza. Nyumba iliyojengwa ili watu wategemee mshahara imechongwa upya na watu wasio na mshahara.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema kuta ndizo zinazoamua maisha ya watu. Kuta husukuma, watu nao husukuma. Wakati mwingine wanachokibadilisha kwa nyundo ni kidogo, lakini utaona alama zake kwenye tofali, mahali saruji mpya inapokutana na ya zamani.

Baraza yenyewe imeponyoka kwa njia nyingine. Kwenye mitaa ya wenye fedha, kama Golf, ukuta wa parseli umepanda kuliko kichwa cha mtu, juu yake seng'enge au vipande vya chupa. Nyuma ya ukuta baraza bado ipo, pana, na viti vyake, ila inatazama lango la chuma. Hofu ya wezi ilijenga ukuta; ukuta nao ukazaa ujirani wa aina yake. Wanaojuana mtaani ni masentineli, walinzi wanaokaa nje ya malango, wakipashana habari na kuazimana mkaa. Ukitaka kujua jirani amefiwa, muulize sentineli wako. Baraza ya mtaa imehamia kwenye benchi lake.

Ville kuna Jengo la Juni 30. Lilichorwa na Claude Strebelle na kujengwa miaka ya 1950 kama ukumbi wa maigizo wa Elisabethville. Baadaye likawa makao ya bunge la jimbo. Ukumbi wa maigizo kwa desturi hugeuza viti vyote kwenye jukwaa, mmoja aseme na wengine wasikilize gizani; wazee wa baraza hukaa wakitazamana. Sijawahi kumsikia msanifu wetu hata mmoja akiuliza bunge linaazima tabia gani kutoka kwenye ukumbi wa namna hiyo. Ningeanzia na viti.