Maji ya Bomba Dodoma Yanachafukia Wapi?

Mama mmoja wa Nkuhungu aliwahi kuja maabara kwetu na birika lake. Alilipindua mezani, magamba meupe yakamwagika. "Mwanangu, haya ndiyo tunayowanywesha watoto?" aliniuliza. Swali lake nakutana nalo karibu kila wiki, wengine wakileta hita iliyoungua, wengine chupa ya soda iliyojazwa maji ya bombani wakitaka nionje chumvi yake.

Nilimwambia kwamba magamba yale hayatamdhuru mtoto. Kilichonitia wasiwasi ni jibu lake nilipomuuliza simtanki yake ilisafishwa lini. Hakukumbuka.

Tuanze na hayo magamba. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya jiji hili imetoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji yale yamekaa kwenye nyufa za miamba ya graniti. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nazo ni haba. Vipimo vya kina cha maji ya Makutupora, vilivyoanza kuchukuliwa miaka ya 1950, vinaonyesha kwamba hazina ile haijazwi kila mwaka. Hungoja miaka ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama El Niño ya 1997 hadi 1998, mito ya mchanga inapofurika na maji kuzama ardhini. Basi maji hukaa na mwamba muda mrefu, na humo huchukua kalisi, magnesi na chumvi nyinginezo. Ukiyachemsha, kalisi hujitenga na kuganda kwenye birika. Ukifua, sabuni haitoi povu upesi. Tunayaita maji magumu.

Shirika la Afya Duniani halijaweka ukomo wa kiafya kwa ugumu wa maji, kwa sababu halikuona madhara ya kuuwekea. Kuhusu mawe ya figo, ambayo wageni wengi wanaohamia Dodoma wanayahofia, tafiti hazijathibitisha kwamba maji magumu ndiyo yanayoyaleta. Kunywa maji kidogo kwenye joto na upepo mkavu kama wa huku ni hatari iliyothibitishwa zaidi. Kwa hiyo mtu anayepunguza kunywa maji kwa kuogopa chumvi anajiweka pabaya mwenyewe.

Sasa nije kwenye kinachouguza. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu huletwa na vimelea kutoka kwenye kinyesi, navyo havina rangi, harufu wala ladha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi, Dodoma ikiwemo. Ulinzi wetu mkubwa dhidi ya vimelea hivyo ni klorini. Inatiwa kwenye maji kabla hayajasambazwa, na kiasi kidogo kinatakiwa kibaki ndani ya maji hadi bombani kwako, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho kilichobaki ndicho kinachoua vimelea vinavyoingia njiani. Tunakipima kwa kutia kidonge kwenye kichupa cha maji. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe kabisa, nakunja sura. Watu hulalamikia ile harufu ya dawa, mimi naifurahia, kwa maana inaniambia maji yamefika na mlinzi wake.

Mlinzi huyo ana maadui, na wa kwanza ni mgawo. Jiji limekua upesi mno: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Maji hayatoki saa zote kwenye kila mtaa. Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, penye ufa maji hutoka nje. Likikauka, mambo hugeuka: ufa uleule hunyonya kilicho nje, na kama bomba limepita kwenye mtaro au karibu na karo, unajua kinachoingia. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgawo huwa na rangi ya udongo. Usiyaingize kwenye tangi wala kwenye sufuria. Yakinge kwenye ndoo ya kudekia, uache bomba litiririke mpaka yawe meupe, kisha ndipo ujaze vyombo. Na ukiona maji yanabubujika barabarani, toa taarifa siku hiyohiyo. Tundu linalomwaga leo ndilo litakalonyonya kesho.

Adui wa pili ni simtanki yenyewe, na hapa naomba tusikilizane. Klorini hupungua kwa joto na kwa muda. Tangi lililokaa juu ya mnara kwenye jua la Ipagala au Nzuguni kwa siku nne au tano linaweza kuwa na maji yasiyo na klorini hata chembe. Ongeza mfuniko uliopasuka, vumbi letu la Agosti, kinyesi cha ndege na mjusi aliyetumbukia. Nimewahi kupima maji ya nyumba moja mara mbili siku moja: ya kwenye mita hayakuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja, ya tangini yalikuwa nao. Familia ile ilikuwa imelaumu bomba kwa miezi.

Safisha tangi kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Litoe maji, sugua kuta na sakafu yake, suuza tope lote litoke. Kisha lijaze maji na utie dawa ya klorini ya maji isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 5, lita 1 kwa kila lita 1,000. Fungua koki za nyumbani kidogo ili dawa ipite kwenye mabomba, funga, uache saa 24. Maji hayo hayanywewi. Yamwage yote, suuza tena, ndipo ujaze ya kutumia. Mfuniko ukaze sawasawa, na tundu la hewa lifungwe wavu.

Ndoo ya kunywea nayo ina mambo yake. Kikombe kinachochovywa na kila mkono hurudisha vimelea kwenye maji uliyotumia mkaa kuyachemsha. Ndoo yenye koki na mfuniko inamaliza tatizo hilo. Kuhusu kuchemsha, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Zinatosha kabisa. Yakishatokota kwa dakika moja, epua.

Ila kuchemsha kuna mwisho wake. Mwenye kisima binafsi mjini, karibu na vyoo vya shimo au zizi, ana hatari ya naitreti, chumvi inayotokana na kinyesi na mkojo unaozama ardhini. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, inaweza kumzuia mtoto mchanga wa chini ya miezi sita, hasa anayelishwa maziwa ya kopo, kusafirisha oksijeni vizuri mwilini, akageuka rangi ya buluu. Kuchemsha haiondoi, bali maji yakipungua kwa mvuke naitreti hukolea zaidi. Floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ambayo baadhi ya visima vya kanda ya kati vinayo, hasa upande wa Singida, nayo haitoki kwa moto. Tanzania ilikuwa ikiruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, sasa ukomo ni 1.5. Visima vya namna hii vipimwe kabla mtu hajanywa, bila kujali yanavyong'aa.

Ukitaka kupima, usije na maji kwenye chupa ya soda. Pitia maabara uchukue chupa iliyotakaswa, chota sampuli moja kwenye mita na nyingine kwenye ndoo mnayonywea, ziweke kwenye baridi, na uzifikishe ndani ya saa sita. Mama wa Nkuhungu alirudi na mbili hizo. Ya kwenye mita iligeuka waridi mbele ya macho yake. Ya ndoo haikubadilika, na jioni ile aliita vijana wakalishusha tangi.