Je, wajua kwa nini kidonda cha mtu wa mawimbi hakiponi upesi?

Chubuka goti pale Coco Beach, Dar es Salaam, hukosi mtu wa kukuambia: "Rudi majini, chumvi itakikausha hicho." Anayekwenda pwani sikukuu kwa sikukuu hawezi kujua kama kadanganywa, maana kidonda chake kitaponea nyumbani. Anayepanda mawimbi kwa ubao kila jioni ndiye anayeona mchubuko wa ukubwa wa sarafu ukimaliza wiki tatu bila kufunga.

Tuanze na hiyo chumvi. Maji ya chumvi ya hospitali, yale ya kusafishia vidonda, yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Ya bahari yana kama 35, na si chumvi peke yake. Wamo bakteria waliozaliwa humo humo, wakiwemo ndugu zake yule wa kipindupindu, ambao hustawi maji yakiwa vuguvugu. Bahari yetu ni vuguvugu mwaka mzima. Masika ndiyo usiseme: Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa sehemu kubwa ya jiji karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha, mimi na kidonda changu tunakaa nchi kavu siku tatu.

Lakini adui mkubwa ni kulowa kwenyewe. Unaujua ukoko wa wali: ukiuloweka, unabanduka wenyewe sufuriani. Kigaga nacho ni hivyo hivyo. Baada ya saa moja majini kinavimba, kinakuwa cheupe, kinang'oka na ile ngozi changa iliyokuwa ikitambaa chini yake. Kisha unaliburuza goti hilo hilo juu ya ubao, ambao nta yake ya kuzuia utelezi imeshika mchanga. Kazi ya jana imekwisha, mwili unaanza moja.

Basi tukikaushe juani? Hapana. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kutumia nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu wake huota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya kilichoachwa wazi kishike kigaga. Unyevunyevu, lakini, si kuloweka.

Kwa hiyo ukitoka majini, osha kwa maji safi ya bomba na sabuni. Kama ni matumbawe yaliyokukata, usiwe na haraka: vipande vyake hubaki ndani kama unga wa chokaa, na vikibaki kidonda kitakusumbua wiki kadhaa. Vitoe kwa kibano. Paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta, badilisha kila siku. Spiriti huunguza hata ngozi inayoota, na ule unga wa kapsuli za rangi mbili tunaonyunyizia tangu utoto hausaidii kitu. Kurudi majini na plasta isiyopitisha maji ni kwa mchubuko mdogo tu, nayo ibandue mara utokapo. Kilichochimbika kikae nyumbani mpaka kifunge.

Chanjo ya pepopunda iwe haijapita miaka 10, au mitano kama jeraha ni chafu.

Wekundu ukitambaa, maumivu yakazidi ukubwa wa kidonda, au homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asingoje hata jioni. Na ukifika, mwambie daktari kwamba ulikuwa baharini, kwa sababu dawa atakayochagua inategemea hilo.