Kabla ya kuingiza lori njiani, piga hesabu ya mzunguko mzima

Wengi wanaotujia kuomba ushauri kuhusu biashara ya malori ya masafa marefu huanza na swali moja: mzigo wa kutoka mji huu kwenda ule unalipa kiasi gani? Ni swali la haki, ila jibu lake peke yake limewafilisi watu wenye bidii na nidhamu. Lori haliendi likabaki huko. Linashusha, linatafuta mzigo mwingine, linarudi, linapakia tena. Faida iko kwenye mzunguko huo wote na siku ambazo mzunguko huo unakula.

Tuchukue miji miwili iliyo umbali wa kilomita 1,000. Tuseme lori lenye tela likijaa shehena linakunywa lita 35 kwa kila kilomita 100, na likiwa tupu lita 25. Kwenda na mzigo ni lita 350, kurudi tupu 250, jumla 600. Likirudi limepakia, jumla inakuwa 700. Kazi inayolipiwa imekuwa maradufu, na mafuta yameongezeka lita 100 tu. Ndiyo maana mzigo wa kurudi unaolipa nusu ya ule wa kwenda unaweza kuwa mzigo mzuri kabisa.

Unaweza kuwa mzuri, kwa sharti kwamba hausubiriwi sana. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Dereva anayekwenda kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa anahitaji saa 18 hivi za usukani kumaliza kilomita 1,000, yaani siku mbili. Weka nusu siku ya kupakia na nusu siku ya kushusha. Mzunguko wa kurudi tupu unachukua siku 5. Wa kurudi na mzigo, siku 6. Tuseme mzunguko wa kurudi tupu, baada ya kutoa mafuta, posho na ushuru wa barabara, unakuachia 60 (weka sarafu yako na sifuri unazotaka). Hiyo ni 12 kwa siku. Mzigo wa kurudi unakuongezea 18, unapata 78 kwa siku 6, sawa na 13 kwa siku. Umefaidika. Lakini dereva akikaa siku mbili ugenini akiusubiri mzigo huo, 78 inagawanywa kwa siku 8, na unabaki na chini ya 10 kwa siku. Hapo ilikuwa heri arudi tupu siku ileile.

Hesabu hii ndogo ningependa kila mmiliki aifanye kwa namba zake mwenyewe kabla ya kusaini mkopo, kwa sababu marejesho ya benki, bima, leseni na mshahara havisubiri foleni. Kwa mwezi wa siku 24 za kazi, mzunguko wa siku 6 unakupa safari 4 za kwenda na kurudi. Wa siku 8 unakupa 3. Gharama zilezile za kudumu sasa zinabebwa na mizunguko mitatu badala ya minne, na kila mmoja unatwishwa theluthi moja zaidi. Ukitafuta pesa iliyopotea, usiitafute barabarani kwanza. Itafute getini, kwenye foleni ya kupakia na kushusha. Mkataba utamke saa ngapi za kusubiri ni za bure na kila saa inayozidi inalipiwa kiasi gani, na dereva agongewe muhuri wa saa aliyoingia na saa aliyotoka. Bila muhuri huo, kifungu cha malipo ya kusubiri ni maneno matupu.

Mzigo wa kurudi wenyewe unategemea miji hiyo inaishi kwa nini. Mji wa bandari unasukuma bidhaa bara. Mji wa bara ukiwa wa watumiaji zaidi kuliko wazalishaji, malori mengi yatarudi yakigombea mzigo mchache, na bei itashuka. Mji wa mazao unakuwa na mzigo kwa msimu. Ulizia viwanda, maghala na madalali wa mji wa pili kabla hujapanga bei ya mji wa kwanza. Ukibeba kontena la meli, kumbuka kwamba mara nyingi kontena tupu lazima lirudishwe kwa wenyewe: tela lako limeshikwa kwenda na kurudi, na bei ya kwenda lazima ilipie safari zote mbili. Na pengine jibu ni mji wa tatu: unashusha, unasogea kilomita 100 pembeni ukiwa tupu, unapakia mzigo unaoelekea nyumbani.

Ujazo nao una siri yake. Tela refu la mita 13.6 linabeba takribani mita za ujazo 90. Magodoro yatalijaza kabla uzito haujafika popote. Saruji itafikisha uzito wakati nusu ya tela ni hewa. Mzigo mwepesi usiukubali kwa bei ya tani, dai bei ya safari nzima.

Uzito wa jumla ukiwa halali, bado ekseli moja (mhimili unaobeba magurudumu) inaweza kukukamatisha kwenye mizani. Wapakiaji wakirundika mzigo mzito mbele, ekseli za kichwa huzidi huku za tela zikiwa nyepesi. Sheria hizi hazikutungwa kuwakomoa wasafirishaji. Majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, huko Illinois, yaliyofanywa kati ya 1958 na 1960, ndiyo yaliyoleta kanuni kwamba uharibifu wa barabara hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukizidisha asilimia 10, uharibifu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Barabara inayoharibika ndiyo itakayokula tairi na springi zako mwakani.

Mwendo nao una bei yake. Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 90 kwa saa, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya robo, na muda unaookoa unamezwa na foleni ya kwanza ya mjini. Panga ratiba kwa saa halali za usukani. Umoja wa Ulaya unaweka saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Marekani inaruhusu dereva wa mizigo saa 11 ndani ya muda wa saa 14. Hata pale ambapo hakuna anayekagua, tunasihi mpange hivyo. Dereva aliyechoka anaua watu. Chagua mapema mahali pa kulala penye ulinzi, ndipo ukate safari vipande kulingana na mahali hapo, maana mafuta hunyonywa na mizigo huibwa pale lori liliposimama bila mpango.

Angalia pia kalenda. Ujerumani, malori yanayozidi tani 7.5 kwa kawaida hayaruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa sita usiku hadi saa nne usiku inayofuata. Miji mingi duniani hufunga katikati yake kwa malori saa fulani. Lori linaloondoka Jumatano na kufika Ijumaa jioni litashushwa Jumatatu. Likiondoka siku moja kabla, linashushwa Ijumaa asubuhi.

Kilichobaki ni mtaji wa kuendeshea, na hiki huangusha hata njia zenye bei nzuri. Mafuta unanunua taslimu. Mteja analipa baada ya siku 30 tangu apokee ankara na hati ya kupokelewa mzigo. Kwa mizunguko minne ya lita 700, hizo ni lita 2,800 zinazotoka mfukoni mwako kabla hujaona senti. Kama huna uwezo huo, anza na mteja anayetanguliza pesa ya mafuta, hata akipunguza bei kidogo, na hati ya kila mzigo imfikie siku ileile uliposhushwa, kwa sababu siku zake 30 zinaanza kuhesabiwa hapo.