Mto Hautakufikisha Kijijini

Juzi mgeni aliyekuja peke yake kutembea njia ya Mwanihana aliniambia, huku akikaza mikanda ya begi lake, kwamba haogopi kupotea kwa kuwa dawa yake anaijua: ni kuufuata mto unakoteremka mpaka umfikishe kwa watu. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na yananikera kwa sababu yanaweza kuua.

Njia hiyo, iliyo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ina kilomita 38, na mgeni hulala kambini msituni mara mbili. Askari wa hifadhi, tochi, firimbi na nguo kavu sitavieleza hapa.

Ninachotaka kieleweke ni umbo la mlima wenyewe. Kufuata mto kunafaa katika nchi inayoteremka polepole, lakini Udzungwa upande wa bonde la Kilombero imesimama kama ukuta, kuanzia takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari bondeni hadi vilele vinavyopita mita 2,000. Mtu akikuta genge hulizunguka, maji hujitupa. Maporomoko ya Sanje yana kimo cha mita 170 hivi, na anayeufuata mto wa namna hiyo atafikishwa ukingoni, mahali asipoweza kushuka wala, pengine, kupanda tena alikoteremkia kwa kujiburuza.

Tena ukingo hauonekani mapema. Mshindo hutokea chini maji yanakopiga, hivyo aliye juu husikia kama upepo tu, na anachokiona ni mwanga: miti inaachana, anga jeupe linatokeza kati ya mashina, naye aliyechoka hudhani amefika shambani. Hata mimi, nilipokuwa kijana na niko peke yangu, niliufurahia mwanga huo nikaongeza mwendo juu ya mawe yenye utelezi, mpaka nilipoona jani kubwa likielea mbele yangu, likapenya kati ya mawe mawili, likatoweka. Nilikaa nimeshika mzizi kwa muda mrefu kabla miguu haijatulia.

Isitoshe, korongoni simu haishiki mtandao, sauti ya maji humeza firimbi za wanaokutafuta, na tembo na nyati hushuka huko kunywa. Ukipotea, simama, kisha urudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika. Ukishindwa, kaa mgongoni mwa kilima ilhali kungali mapema, kwa maana chini ya miti giza huingia kabla jua halijazama.

Sisi tunaoongoza wageni hufundisha kwamba aliyepotea akae atafutwe. Naamini hivyo kwa mtu anayesubiriwa. Kwa aliyeondoka bila kumwambia yeyote moyo wangu husita, na akiamua kutembea siku ya pili siwezi kumlaumu. Hata huyo ningemsihi ashike mgongo wa kilima, asishuke korongoni.

Yule mgeni nilimpandisha kwanza juu ya Sanje. Aliyaona mashamba ya miwa na mapaa ya nyumba yakiwa chini yetu kabisa, akauliza njia ya kushukia iko wapi. Nikamwonyesha: ilikuwa nyuma yetu, ikirudi msituni.